Mshipa uliopandikizwa mguuni unapoziba: Jinsi ya kuuokoa bila upasuaji mkubwa

MGONJWA aliyefanyiwa upasuaji wa baipasi mguuni huondoka hospitalini akiwa na furaha ya kunusurika kukatwa mguu. Maumivu ya usiku yametulia, kidonda kilichokataa kupona kimeanza kujifunga na vidole vilivyokuwa baridi vimepata joto. Wengi hudhani kwamba safari ya matibabu imefika kikomo hapo. Ukweli ni kwamba mshipa uliopandikizwa huhitaji kuchungwa maishani, na miaka miwili ya kwanza ndiyo yenye hatari kubwa zaidi.

Sababu ni kuwa mshipa huo unaweza kuanza kuwa mwembamba pole pole bila mwenyewe kuhisi lolote. Kasoro hiyo ikigunduliwa mapema, daktari huweza kuupanua kupitia tundu dogo kwenye kinena, mgonjwa akiwa macho, na mara nyingi akarejea nyumbani siku hiyo au kesho yake. Ukiachwa hadi uzibe kabisa, kuufungua huwa kazi ngumu na mguu wenyewe huwa hatarini. Makala haya yanaeleza namna kasoro hizo zinavyotokea, zinavyotambuliwa na zinavyotibiwa, na yale ambayo mkazi wa Nakuru na maeneo ya kati ya Bonde la Ufa anafaa kuyajua kabla saa ya dharura haijamkuta.

Kwa nini mguu hukosa damu

Damu hufika miguuni kupitia mishipa ya ateri. Kisukari, uvutaji sigara, shinikizo la juu la damu na kolesteroli nyingi huharibu kuta za ateri hizo, mafuta hujikusanya ndani yake na njia ya damu hupungua. Dalili ya kwanza kwa kawaida ni maumivu ya shavu la mguu mtu anapotembea, ambayo hukoma akisimama kupumzika. Ugonjwa ukizidi, maumivu huja hata akiwa amelala, vidonda hukosa kupona na mwishowe nyama huanza kuoza.

Tatizo hili si geni katika eneo letu. Utafiti uliofanywa kati ya 2007 na 2008 katika iliyokuwa wilaya ya Nakuru, na ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010, uliwapima watu 4,396 wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Nusu yao walipatikana na shinikizo la juu la damu, asilimia 6.6 walikuwa na kisukari na takriban asilimia 21 walikuwa na kolesteroli nyingi. Wakazi wa mijini waliathirika kuliko wenzao wa mashambani. Nakuru imekua tangu wakati huo hadi ikapewa hadhi ya jiji mnamo Desemba 1, 2021, na kwa hivyo hakuna sababu ya kudhani kwamba mzigo huo umepungua.

Kundi la pili la wagonjwa ni majeruhi wa ajali, ambao wengi wao huwa vijana. Ateri kuu inayopita nyuma ya goti imeshikamana sana na mifupa, hivi kwamba goti likiteguka au mfupa ukivunjika karibu nalo, ateri hiyo inaweza kukatika au kuziba. Barabara kuu inayotoka Nakuru kuelekea Eldoret, hasa sehemu ya Salgaa na Sachangwan, imejulikana kwa miaka mingi kwa ajali mbaya. Waendeshaji wa bodaboda na abiria wao nao huumia magoti kila uchao. Majeruhi kama hao pia hutibiwa kwa kupandikizwa kipande cha mshipa.

Baipasi ni nini?

Dereva akikuta barabara kuu imefungwa hupita barabara ya kando na kurudi kwenye lami mbele ya kizuizi. Baipasi ya mguu hufanya vivyo hivyo. Daktari huchukua mshipa wa vena wa mgonjwa mwenyewe, mara nyingi ile vena ndefu inayopanda kutoka kifundo cha mguu hadi kinena. Ncha moja huiunganisha na ateri nzima juu ya mahali palipoziba, na ncha ya pili na ateri iliyo wazi upande wa chini.

Ufundi wa kushona mishipa ya damu uliendelezwa na Mfaransa Alexis Carrel, ambaye alitunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 1912. Ilikuwa mwaka 1948, jijini Paris, ambapo daktari Jean Kunlin alitumia vena ya mgonjwa kuipa damu ya mguu njia mpya. Mbinu hiyo ingali inatumika. Kuna mirija ya kutengenezwa viwandani pia, lakini kwa baipasi inayofika chini ya goti, vena ya mgonjwa hudumu kwa muda mrefu zaidi.

Vena ina vali ndogo zinazoruhusu damu kwenda upande mmoja tu. Ndiposa daktari huigeuza, juu chini, kabla ya kuishona; au huiacha mahali pake na kuzikata vali kwa kifaa maalumu, kisha akafunga matawi yake ya kando.

Matatizo hutokea lini?

Wataalamu hugawa matatizo ya mshipa uliopandikizwa katika vipindi vitatu.

Kipindi cha kwanza ni siku 30 baada ya upasuaji. Mshipa ukiziba wakati huu, chanzo mara nyingi huwa ni kasoro ya kiufundi: mshono uliobana, vali ambayo haikukatwa vyema, mshipa uliojisokota au ateri ya chini isiyoweza kupokea damu ya kutosha.

Kipindi cha pili huanzia mwezi wa kwanza hadi miaka miwili. Vena iliumbwa kubeba damu yenye shinikizo dogo. Ikipewa kazi ya ateri, ukuta wake wa ndani huitikia kwa kuota chembechembe nyingi na kuwa mnene, kama kovu linavyonenepa kwenye ngozi. Pale ambapo unene huo umezidi, njia ya damu huwa nyembamba. Jambo hili hutokea kwa wagonjwa kati ya 20 na 30 katika kila 100, na ndilo linalotibika vyema zaidi likigunduliwa kwa wakati.

Kipindi cha tatu ni baada ya miaka miwili, ambapo mafuta yaliyoharibu ateri za awali huanza kuushambulia mshipa mpya au ateri zilizo juu na chini yake.

Zaidi ya hayo, tawi la vena ambalo halikufungwa linaweza kuiba damu na kuirudisha kwenye moyo kabla haijafika unyayoni. Mahali pa mshono panaweza kufura na kuwa kama kifuko cha damu. Hali kadhalika, kidonda cha upasuaji kinaweza kuingia viini vya maradhi na kuhatarisha mshipa wote.

Utafiti mkubwa wa Amerika Kaskazini uliowahusisha wagonjwa 1,404 na kuchapishwa mwaka 2006 unatoa picha ya hali hii. Baada ya mwaka mmoja, ni takriban mishipa 61 katika kila 100 iliyokuwa ingali wazi bila kuhitaji kurekebishwa. Kwa kuhesabu ile iliyorekebishwa au kufunguliwa upya, idadi ilipanda hadi karibu 80, na wagonjwa 88 katika 100 walikuwa bado na miguu yao. Tofauti kati ya 61 na 80 ndiyo faida ya ufuatiliaji.

Dalili na vipimo

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mshipa huu unaweza kuziba bila wingu lolote kuonekana. Kwa hiyo mgonjwa hapaswi kungoja maumivu. Ratiba inayofuatwa na vituo vingi ni kupimwa baada ya mwezi mmoja, miezi mitatu, miezi sita na mwaka mmoja, kisha angalau mara moja kila mwaka.

Kipimo rahisi zaidi ni kulinganisha shinikizo la damu la kifundo cha mguu na la mkono. Kwa mtu mwenye afya nambari hizo hukaribiana, na daktari akigawanya ya mguu kwa ya mkono hupata takriban 1. Uwiano huo ukishuka kwa zaidi ya 0.15 kutoka ule uliopimwa awali, kuna jambo. Hata hivyo, kwa wagonjwa wengi wa kisukari ateri za kifundo huwa ngumu kama mfereji wa chuma na kipimo hiki hudanganya.

Kipimo kinachotegemewa ni altrasaundi ya dopla, ambayo huonyesha sura ya mshipa na kasi ya damu ndani yake. Maji ya mto huenda mbio yanapopita penye mwanya mwembamba, na damu ni hivyo hivyo. Kasi ikizidi sentimita 300 kwa sekunde mahali fulani, au ikiwa zaidi ya mara tatu na nusu ya kasi iliyo kando yake, mshipa umebana vibaya. Kinyume chake, damu ikitambaa kwa kasi iliyo chini ya sentimita 45 kwa sekunde katika mshipa mzima, huo ni mshipa unaokaribia kuziba. Kipimo hiki hakina mionzi wala hakihitaji sindano.

Matibabu kupitia tundu dogo

Msingi wa matibabu haya uliwekwa na daktari Sven-Ivar Seldinger wa Sweden, aliyeeleza mwaka 1953 namna ya kuingiza mrija mwembamba ndani ya mshipa kwa kutumia sindano na waya. Mnamo Januari 16, 1964, daktari Charles Dotter wa Portland, Marekani, aliitumia njia hiyo kupanua ateri ya mguu ya ajuza mwenye umri wa miaka 82 aliyekuwa amekataa kukatwa mguu. Mguu huo ulipona. Miaka kumi baadaye, mwaka 1974, Andreas Grüntzig akiwa Zürich, Uswisi, aliboresha kazi hiyo kwa kubuni katheta yenye puto.

Katika matibabu yenyewe, mgonjwa hulala kwenye meza iliyo na mashine ya eksirei. Hudungwa dawa ya ganzi kwenye kinena, kisha daktari huingiza sindano ndani ya ateri na kupitisha waya mwororo hadi mahali palipobana. Dawa ya rangi humiminwa ili mshipa uonekane kwenye skrini. Kuanzia hapo, kifaa kinachotumiwa hutegemea tatizo lenyewe.

Puto: Hili hupitishwa juu ya waya likiwa limenywea, kisha hujazwa maji maalumu kwa shinikizo kubwa kwa dakika chache ili lisukume kuta za mshipa. Kwa kuwa kovu la vena ni gumu, baadhi ya maputo huwa na nyembe ndogo sana za kulichanja kovu hilo. Mengine hupakwa dawa ya kupunguza uotaji wa chembechembe.

Stenti: Huu ni wavu wa chuma unaoachwa ndani ya mshipa kuuzuia usijifunge tena. Katika vena iliyopandikizwa hutumiwa kwa uangalifu, hasa karibu na goti ambapo mkunjo wa kila siku unaweza kuuvunja. Stenti iliyovikwa kitambaa hutumiwa kuziba kifuko cha damu au mahali palipotoboka.

Nyuzi za chuma: Tawi la vena linaloiba damu huzibwa kwa kuachia ndani yake nyuzi ndogo zilizojikunja kama springi, ambazo hufanya damu igande mahali hapo pekee.

Dawa ya kuyeyusha damu: Mshipa ukiwa tayari umeziba kwa bonge la damu, katheta yenye matundu huwekwa katikati ya bonge hilo na dawa kama alteplasi ikadondoshwa kwa saa kadhaa, wakati mwingine siku moja au mbili. Matokeo huwa bora ikiwa mshipa umeziba kwa muda usiozidi siku 14. Bonge likishayeyuka, ni lazima daktari atafute kilicholisababisha na kukirekebisha, la sivyo mshipa utaziba tena. Siku hizi kuna pia katheta zinazofyonza bonge hilo moja kwa moja.

Si kila tatizo hutibiwa hivi

Puto hufanya kazi vyema pale mshipa una zaidi ya miezi mitatu tangu upandikizwe, na sehemu iliyobana ni moja na fupi, isiyozidi takriban sentimita mbili. Ikiwa kasoro imejitokeza mapema zaidi, ni ndefu au zipo kadhaa, upasuaji wa kushona kiraka au kubadilisha kipande cha mshipa hudumu zaidi. Mshipa ulioingia viini vya maradhi huhitaji upasuaji. Vilevile, mguu uliokwisha kufa ganzi na kushindwa kusogea hauwezi kungoja dawa idondoke kwa saa 24.

Hata katika kuchagua tiba ya kwanza, wataalamu hawajaafikiana kikamilifu. Utafiti wa wagonjwa 1,830 uliotolewa mwaka 2022, ulioongozwa kutoka Marekani, ulionyesha kwamba kwa walio na vena nzuri, baipasi ilishinda matibabu ya puto: waliopata madhara makubwa ya mguu au kufariki walikuwa asilimia 42.6 upande wa baipasi na 57.4 upande wa puto. Mwaka uliofuata, utafiti mdogo zaidi ulioongozwa kutoka Uingereza, wa wagonjwa 345 wenye ugonjwa chini ya goti, ulipata kinyume chake. Funzo ni kwamba uamuzi hutegemea mgonjwa, vena yake na ujuzi wa kituo anachotibiwa.

Aidha, tundu dogo halimaanishi kukosa hatari. Damu inaweza kuvuja kinenani, mshipa unaweza kupasuka, au vipande vya bonge vikasafiri hadi unyayoni. Dawa ya kuyeyusha damu husababisha kuvuja damu ubongoni kwa mgonjwa mmoja au wawili katika kila 100, na haitolewi kwa mtu aliyepatwa na kiharusi au kufanyiwa upasuaji mkubwa hivi karibuni. Dawa ya rangi inaweza kudhuru mafigo. Kwa sababu hiyo, mwenye kisukari anayetumia metformini au mwenye ugonjwa wa mafigo sharti amweleze daktari mapema. Na kwa kuwa kovu huweza kuota tena baada ya puto, ratiba ya vipimo huanza upya.

Hali ya Nakuru na viunga vyake

Hospitali kubwa ya umma katika eneo hili ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kaunti ya Nakuru, ambayo kabla ya ugatuzi wa mwaka 2013 ilikuwa hospitali kuu ya mkoa wa Bonde la Ufa, na ambayo wakazi wengi wangali wakiiita PGH. Hupokea wagonjwa kutoka Molo, Njoro, Gilgil, Subukia na hata kaunti jirani kama Baringo na Nyandarua.

Madaktari waliobobea katika upasuaji wa mishipa ya damu ni wachache nchini, na wengi wao wako Nairobi. Kutoka Nakuru hadi jijini humo ni takriban kilomita 160, na ni karibu masafa hayo hayo hadi Eldoret iliko Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Umbali huo hauna uzito mkubwa kwa aliyepewa miadi ya wiki ijayo. Kwa mguu uliozibwa ghafla, ni suala la kufa na kupona, kwani misuli isiyopata damu huanza kuharibika kabisa baada ya takriban saa sita. Mgonjwa wa Kabarnet au Olkalou anayepoteza saa nne akikandwa mguu kwa maji moto nyumbani amebakisha muda mfupi mno.

Hata hivyo, yapo mengi yanayoweza kufanywa karibu na nyumbani. Mashine za altrasaundi zimeenea, na mradi wa serikali ulioanza mwaka 2015 ulipeleka vifaa vya picha katika hospitali mbili za kila kaunti. Daktari wa hospitali ya kaunti akiwa na ripoti ya upasuaji anaweza kufuatilia mshipa na kumtuma mgonjwa kwa mtaalamu mara tu anapoona mabadiliko. Katika dharura anaweza kuanza dawa ya heparini, ambayo huzuia bonge lisiendelee kukua, kabla ya ambulensi kung'oa nanga.

Kuhusu gharama, bima ya zamani ya NHIF ilibadilishwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kuanzia Oktoba 1, 2024. Ni vyema mgonjwa kuhakikisha kwamba usajili wake umekamilika, na kuuliza mapema ni sehemu gani ya matibabu ya mishipa italipiwa na ni vifaa gani atavinunua mwenyewe.

Mambo ya kuzingatia

Mgonjwa aliyepandikizwa mshipa anashauriwa kuzingatia haya:

1. Ahifadhi barua ya kuruhusiwa kutoka hospitalini, inayoeleza mshipa umetoka wapi na umeunganishwa wapi, na abebe nakala yake anaposafiri.

2. Ameze dawa alizoandikiwa bila kukatiza. Aspirini huzuia damu kuganda na dawa za statini hupunguza kolesteroli. Asiziache kwa sababu mguu umepona.

3. Aache sigara kabisa. Uvutaji ni miongoni mwa mambo yanayoziba mshipa uliopandikizwa kwa haraka.

4. Adhibiti sukari na shinikizo la damu, akague nyayo kila siku na avae viatu visivyobana. Mwenye kisukari huenda asihisi msumari au kokoto.

5. Asikose siku ya kupimwa, hata kama anatembea bila shida.

6. Mguu ukiwa baridi ghafla, ukibadilika rangi, ukiuma sana au kufa ganzi, aende hospitalini saa hiyo hiyo. Asiukande, asiuchome kwa moto, wala asisubiri kupambazuke. Aseme waziwazi kwamba aliwahi kufanyiwa baipasi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa aliyepandikizwa mshipa mguuni, ufa huo hauonekani kwa macho, na ni kipimo cha altrasaundi cha muda mfupi kinachoweza kuufichua wakati ambapo puto dogo lingali linatosha kuuziba.